Rubani Mwanafunzi Ndani ya Wingu

Somo la kujifunza pamoja. Kwanza someni katika Biblia: Matendo ya Mitume 27:13–44, 2 Petro 1:16–21, 1 Yohana 3:18–20.



Neno "rubani" tumelipata baharini. Watu wa pwani walimwita rubani yule aongozaye chombo kati ya miamba na mafungu ya mchanga. Siku hizi neno lilo hilo limepanda angani, nasi humwita rubani yeye arushaye ndege. Kazi imebadilika, lakini mashaka yake yangali yale yale: chombo kimo mahali pasipo alama, na roho za watu zimo ndani yake.

Mwezi huu twataka kumtazama rubani ambaye bado ni mwanafunzi, huko Marekani, siku ya kwanza anapoingia katika wingu pamoja na mwalimu wake. Tutaeleza kwanza jinsi mambo yalivyo katika mafunzo hayo, kisha tutauliza yatufundisha nini sisi. Twawasihi wasomaji wasiiruke sehemu ya kwanza ili kuifikia ya mwisho. Maana asiyefahamu jinsi rubani anavyodanganyika hatafahamu vema jinsi moyo unavyodanganyika.

1. Siku ya wingu

Mwanafunzi huyu si mgeni wa ndege. Amekwisha kuruka mara nyingi katika hewa safi, naye ajua kupanda, kushuka na kugeuka. Lakini siku zote hizo alikuwa na msaada mmoja mkubwa, wala hakuufikiri sana. Msaada huo ni upeo wa macho, yaani mstari ule wa mbali ambapo mbingu na nchi huonekana kukutana. Akiuona mstari ule, ajua mara moja kama mabawa ya ndege yamelala sawa au yameinama.

Kwa kawaida sheria ya Marekani yataka mtu atafutaye cheti cha rubani wa ndege ndogo afundishwe muda usiopungua saa 3 kurusha ndege kwa kutazama vipimo tu. Naye atakaye cheti cha kuruka katika mawingu hutakiwa kutimiza saa 40 za kazi hiyo. Sehemu kubwa ya mafunzo hufanywa hewa ikiwa safi: mwanafunzi huvikwa kofia yenye ukingo mrefu, au miwani iliyofifishwa upande wa juu, asione kitu ila vipimo vilivyo mbele yake. Lakini kofia si wingu. Aliyevaa kofia hupenyezewa mwanga pembeni, na tena ajua moyoni ya kuwa akiivua ataiona nchi.

Basi siku moja mawingu yametanda. Mwalimu, ambaye ana cheti cha kazi hii, huchagua wingu tulivu, lisilo na radi wala baridi ya kugandisha barafu juu ya mabawa. Kwa redio huomba ruhusa kwa waongozaji wa ndege walio chini, kisha wanapanda. Kwanza vipande vya ukungu vyapita dirishani. Halafu nchi yatoweka. Weupe mtupu mbele, weupe nyuma, weupe juu na chini. Ndege yatikisika kidogo, na matone ya maji yatambaa juu ya kioo.

Kwa kitambo kidogo mwanafunzi aona kwamba si kazi ngumu. Atazama ramani magotini pake, na alipoinua macho aona kipimo kikimwambia ya kuwa bawa la kushoto limeshuka. Hakusikia lolote! Aliinyosha ndege upesi. Sasa vipimo vyote vyasema ndege imelala sawa. Lakini mwili wake wote wapiga kelele ya kuwa ndege yaangukia kuume. Bila kujijua auinamisha mwili kushoto, kama abiria aketiye katika gari lililoegemea upande, na mkono wake waanza kufuata mwili. Bawa la kushoto lashuka tena. Ndipo mwalimu anaposema kwa sauti ya upole, "Vitazame vipimo."

2. Kwa nini mwili hudanganya

Mungu ameweka ndani ya sikio la mwanadamu chombo cha ajabu. Ni mifereji mitatu midogo iliyopindika, kila mmoja ukielekea upande wake, nayo imejaa maji. Ndani ya maji hayo zimo nywele ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Tukigeuza kichwa, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini maji huchelewa. Nywele huinama, na ubongo hupata habari ya kuwa tumegeuka.

Msomaji aweza kujionea jambo hili nyumbani. Chukua bakuli la maji, utie majani machache ya chai, kisha ulizungushe polepole mahali pake. Kwanza bakuli lazunguka na majani yamesimama. Ukiendelea kulizungusha, maji nayo yashika mwendo, hata bakuli na maji yaenda pamoja. Lisimamishe bakuli ghafula: maji yaendelea kuzunguka.

Ndivyo ilivyo katika sikio la rubani. Ndege ikigeuka kwa mwendo mmoja, baada ya sekunde kumi au ishirini hivi maji ya sikio yamekwisha kuufuata mfereji, nywele zimesimama wima, naye huona kwamba haigeuki tena. Ikinyoshwa, maji yaendelea, naye huona kwamba imeanza kugeukia upande wa pili. Tena ndege ikiinama polepole sana, maji hayatikisiki hata kidogo, na mtu hana habari. Hivyo ndivyo mwanafunzi wetu alivyodanganyika mara mbili: kwanza kwa kutosikia lililokuwapo, pili kwa kusikia lisilokuwapo.

Wala tusiseme ya kuwa sikio ni baya. Mungu alilifanya jema, limfae kiumbe aendaye kwa miguu juu ya nchi, huku macho yake yakilisaidia. Halisemi uongo kwa hila, lasema linalolijua. Kosa ni kulifanya hakimu wa mambo lisiyowekewa.

3. Jinsi jambo hili lilivyojulikana

Marubani wa kwanza hawakuamini haya. Walijisifu kwamba rubani mwenye kipawa huisikia ndege kwa mwili wake. Mwaka 1926, katika kiwanja cha jeshi kiitwacho Crissy Field mjini San Francisco, rubani mzoefu William Ocker alipimwa na daktari wa jeshi, David Myers. Daktari alimketisha juu ya kiti kizungukacho, amefumba macho, akamwuliza kiti chaenda upande gani. Ocker, rubani wa miaka mingi, alijibu vibaya. Akaondoka akifikiri sana. Baadaye alirudi na sanduku alilotia ndani yake kipimo cha kugeuka na dira na taa. Aliketi tena juu ya kiti kile, akatazama ndani ya sanduku tu, akajibu vema kila alipoulizwa. Masikio yake yalikuwa yale yale; lililobadilika ni jambo alilolisadiki.

Tarehe 24 Septemba 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field, New York, James Doolittle alipanda ndege iliyofunikwa kiti chake kabisa asione nje. Aliiondoa chini, akazunguka, akaishusha tena kwa kuongozwa na vipimo na redio, muda wa dakika 15 hivi. Luteni Benjamin Kelsey aliketi katika kiti kingine, tayari kuokoa kama ikihitajiwa. Lakini haikumlazimu kushika usukani.

Jaribio la tatu latutia hofu. Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois walitoa habari za marubani 20 wasiofundishwa kazi ya vipimo, waliotiwa katika hali iliyofanana na kuwa ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Mmoja alishindwa baada ya sekunde 20 tu, na aliyekawia zaidi alifikisha sekunde 480. Kwa wastani ni sekunde 178, yaani dakika tatu kasoro sekunde mbili. Hawakuwa wajinga wala walevi. Walikuwa watu wazima wa akili, walioufuata mwili wao.

4. Vipimo na namna ya kuvitazama

Katika ndege ndogo za kawaida kwa miaka mingi vipimo vikubwa vimekuwa sita. Vitatu hupima hewa: cha mwendo, cha kimo, na cha kupanda au kushuka. Vitatu vingine hutegemea gurudumu dogo lizungukalo kwa kasi. Kila aliyechezea pia alipokuwa mtoto ajua siri yake: pia izungukayo kwa nguvu haikubali kuanguka, wala haigeuki upesi kufuata mkono wa mtu. Kwa hiyo ndege ikiinama, gurudumu lile hushika msimamo wake, nalo humwonyesha rubani mstari mdogo ulio mfano wa upeo wa macho asiouona. Katika ndege nyingi za siku hizi mambo haya yote huonyeshwa juu ya kioo kimoja, lakini kazi ya rubani ni ile ile.

Kazi hiyo ina sheria zake. Ya kwanza, asikodolee macho kipimo kimoja. Macho hutoka katika upeo ule mdogo, huenda kwenye kimo, hurudi. Huenda kwenye dira, hurudi. Mwanafunzi aking'ang'ania kimo peke yake, mabawa huinama bila yeye kujua. Ya pili, avilinganishe vyote. Kipimo chaweza kuharibika; kikitofautiana na wenzake, rubani hukigundua kwa ushuhuda wa vile vingine. Ya tatu, asiukaze mkono. Mwenye hofu huushika usukani kama mtu ashikaye kamba kisimani, naye huisumbua ndege iliyokuwa ikienda vizuri. Mwalimu humwambia aushike kwa vidole, asahihishe kidogo kidogo.

5. Mzunguko uendao kaburini

Sasa twafika kwenye jambo lililo kuu. Marubani wa Marekani wameliita jambo hili kwa jina la kaburi, na sababu yake ni hii.

Bawa la ndege limeinama polepole, na rubani hakusikia. Ndege ikiinama hugeuka, na pua yake hushuka. Aona kipimo cha kimo kikipungua, asikia na mashini ikivuma kwa kasi. Mwili wamwambia ya kuwa mabawa yamelala sawa. Basi afanya linaloonekana kuwa la akili: auvuta usukani ili apande. Lakini kwa kuwa ndege imeinama, kuvuta kwake hakumpandishi. Kwazidi kuukaza mzunguko, na ndege yashuka kwa kasi kuliko mwanzo. Aona yashuka, azidi kuvuta. Kadiri anavyojitahidi, ndivyo anavyolikaribia kaburi.

Dawa yake ina taratibu, nayo haigeuzwi. Apunguze nguvu ya mashini. Kisha ayanyoshe mabawa, akiongozwa na vipimo. Baada ya hayo, ndipo auvute usukani kwa upole apande. Kuvuta si kosa. Kuvuta kabla ya kunyoshwa ndiko kunakoua.

Mwalimu humfundisha mwanafunzi hayo kwa kumwambia afumbe macho na kuinamisha kichwa. Mwalimu huigeuza ndege huku na huku, kisha husema, "Haya, pokea." Mwanafunzi hufumbua macho, na la kwanza limpasalo ni kunyamaza na kusoma vipimo kabla ya mkono kutenda.

6. Yatupasayo sisi

Ndugu zetu, kila mfano una mwisho wake. Vipimo ni kazi ya mikono ya watu, navyo huvunjika. Neno la Mungu halivunjiki. Lakini katika mambo manne mwanafunzi huyu ni mwenzetu.

Kwanza, imani haisimami juu ya tunavyojisikia. Tena kujisikia kwetu hutudanganya pande mbili. Yuko aliye baridi, asemaye Mungu amemwacha, kumbe Bwana yu karibu naye. Yuko aliye na furaha nyingi, asemaye mimi ni mzima, kumbe bawa lake limeshuka siku nyingi: sala zimeachwa moja moja, ugomvi na jirani haukupatanishwa, deni halikulipwa. Iinamayo polepole haisikiki. Kwa hiyo Mtume Yohana atufundisha kwamba hata moyo wetu ukituhukumu, hukumu yake si ya mwisho. Aliye mkuu kuliko moyo ajua yote. Naye Petro, ijapokuwa aliona utukufu kwa macho yake mlimani, awaelekeza wasomaji wake kwenye neno la unabii, wakiangalie kama taa penye giza.

Dr. Martin Luther alilijua jambo hili. Katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537 aliwaonya watu waliojisifu kuwa na Roho pasipo Neno lihubiriwalo, lile lijalo kwetu kutoka nje. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 alifundisha ya kwamba dhambi na dhamiri zikitulemea, tujibu kwa kuukumbuka Ubatizo wetu. Hakusema tutazame ndani tuone kama imani yetu yawaka. Ubatizo ulitendwa nje yetu, kwa maji na Neno, siku ijulikanayo, mbele ya mashahidi. Na Meza ya Bwana ni vivyo hivyo: mkate na divai vyatolewa mkononi, navyo ni kwa ajili yako, hata siku usiyosikia kitu.

Pili, tuziangalie taratibu. Mtu aliyepatwa na msiba au dhamiri mbaya huanza kuvuta usukani: afunga, aweka nadhiri, atoa fedha, amkimbilia huyu na yule wa kumwombea na kumtabiria. Akiona hapandi, azidi kuvuta. Hatusemi ya kuwa kufunga ni kubaya, wala kutoa. Lakini Injili yasema kwanza tunyoshwe, yaani tuhesabiwe haki bure kwa ajili ya Kristo. Kisha ndipo kazi njema zinapopandisha. Anayezitanguliza kazi ili ajinyoshe nazo ashuka kwa bidii yake mwenyewe.

Tatu, tusikodolee macho andiko moja. Katika sharika zetu wako walioshika mstari mmoja wakawasumbua wengine kwao. Andiko lifafanuliwe kwa maandiko, na yote yarudi katika Kristo, kama macho ya rubani yarudivyo katika upeo.

Nne, tujifunze kabla ya wingu. Kwa dakika tatu hakuna nafasi ya kujifunza kusoma vipimo. Ninyi mnaofundisha Kipaimara, msichoke watoto wanapokariri Katekisimo kama kwamba hawaifahamu. Mnawatia mkononi watakachokisoma siku nchi itakapotoweka.

Neno moja tena kwa waalimu na wainjilisti. Mama aliyezika mtoto aweza kuwaambia, "Mwalimu, naomba, lakini ni kama naongea na ukuta." Msimwambie ya kuwa hajisikii hivyo, wala msimkemee kana kwamba hana imani. Mwalimu wa rubani hamwambii mwanafunzi ya kuwa mwili wake hausikii kuanguka. Ajua wasikia, kwa sababu yeye naye yumo katika wingu lilo hilo, na masikio yake mwenyewe yamdanganya vile vile. Amwambia tu, "Ni kweli wajisikia hivyo. Sasa tazama hapa." Wala hashuki akamwacha. Aketi kando yake, na usukani wa pili uko mbele yake, hata watoke.

Nalo Neno haliondoi wingu kila mara. Paulo na wenzake katika Matendo 27 hawakuona jua wala nyota siku nyingi, na mwisho merikebu yenyewe ilivunjika. Lakini ahadi aliyopewa Paulo usiku ilisimama, na watu wote 276 walifika pwani wazima. Kati ya kupewa ahadi na kukanyaga mchanga walisafiri gizani, nao hawakuwa na jingine la kushika.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Mwanafunzi alidanganyika mara mbili. Elezeni tofauti yake, kisha toeni mfano wa kila moja katika maisha ya Mkristo.
2. Kwa nini hatusemi ya kuwa sikio ni baya? Basi tuseme nini juu ya hisia za moyo?
3. Katika Matendo 27:30 mabaharia walitaka kufanya nini, na Paulo alijibu nini? Linganisheni na rubani auvutaye usukani kabla ya kunyosha mabawa.
4. Je, waijua siku ya Ubatizo wako? Kama huijui, uliza wazee wako au tazama katika kitabu cha usharika.
5. Ni nani katika usharika wenu aliye ndani ya wingu sasa? Ni nani atakayeketi kando yake?

Tuombe. Bwana Yesu, tukiwa katika giza, usituache tuongozwe na mioyo yetu. Utushike kwa Neno lako na kwa Ubatizo wetu, utunyoshe kwanza, kisha utupandishe, hata tutakapoiona nchi uliyotuahidi. Amina.